Kamera ya Mmoja, Filamu ya Wote

Msamvu si mahali pa mtu kutulia. Hapo, pembeni mwa mji wa Morogoro, ndipo barabara itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikishika njia ya Dodoma na nyingine ikielekea Iringa. Na kila apitaye ana haraka yake. Abiria anawahi basi, mpiga debe anamwahi abiria, na mama lishe anawawahi wote wawili kabla chai haijapoa. Milima ya Uluguru inasimama kwa mbali na ukungu wake wa asubuhi, lakini wachache hupata nafasi ya kuinua macho na kuitazama. Ni nadra mtu kwenda Msamvu kwa nia ya kupaangalia Msamvu penyewe.

Ndiyo maana nilistaajabu nilipoalikwa na mkufunzi mmoja, rafiki yangu tangu tulipokuwa chuo kikuu, nikatazame filamu ya hali halisi iliyotengenezwa na wanafunzi wake 8 kuhusu mahali hapo. Filamu yenyewe ni ya dakika 20. Ilionyeshwa jioni juu ya shuka jeupe lililotandazwa ukutani, na watazamaji walikuwa wale wale waliomo ndani yake: mama lishe, wauza matunda, vijana wa bodaboda, na wapiga debe wawili ambao kwa mara ya kwanza niliwaona wamenyamaza.

Sikusudii kuihakiki filamu hiyo. Ina dosari zake, kama ilivyo kazi yoyote ya watu wanaojifunza. Nakusudia kueleza jinsi ilivyokaribia kuharibika kabisa, na ni nini kilichoiokoa. Kwa sababu naamini kisa hicho kinawahusu walimu wetu na watumishi wetu wa ofisini kuliko kinavyowahusu watengeneza filamu.

MOTO WA AGOSTI

Wanafunzi wale walipewa kazi ya kuchagua mahali pamoja mjini na kupaeleza kwa picha na sauti. Wawili walitaka stesheni ya treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Mmoja alitaka Mazimbu, walikokaa na kusoma wapigania uhuru wa Afrika Kusini kabla ya majengo yao kukabidhiwa kwa Taifa letu mwaka 1992. Mwisho wakakubaliana Msamvu, na sababu waliyoitoa ilikuwa nzito: tarehe 10 Agosti 2019.

Msomaji anaikumbuka siku hiyo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Lori lililobeba mafuta ya petroli lilipinduka barabarani karibu na stendi ya mabasi. Watu wakakimbilia kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, wengine wakasogea kutazama tu, na wengine walikuwa wapita njia. Moto ukalipuka. Waliokufa siku ile, pamoja na waliofariki baadaye hospitalini Morogoro na Muhimbili, walizidi 100. Taifa lilitangaziwa maombolezo ya siku tatu, na wengi wa marehemu walizikwa pamoja katika makaburi ya Kola.

Liko jambo moja kuhusu siku ile ambalo halisemwi mara nyingi. Kamera hazikupungua. Simu nyingi ziliinuliwa juu, kabla ya mlipuko na baada yake, na picha zake zilienea nchi nzima kabla ya jua kutua. Watu wengi waliutazama moto ule mara nyingi kuliko walivyopenda. Lakini ni wangapi waliopata kuelezwa, kwa utulivu na kwa heshima, mahali pale palikuwa nini kabla ya siku ile na pamekuwa nini baada yake? Kuwa na kamera ni jambo moja, na kuwa na watu wanaoweza kuitumia kwa pamoja, kwa akili na kwa utu, ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili halinunuliwi dukani.

DAKIKA 40 ZA KIMYA

Waligawana kazi kama inavyofundishwa: mwongozaji, mpiga picha, mnasa sauti, mhoji, mwandishi wa mswada, mhariri, msimamizi wa taa, na msichana mmoja aliyepewa kazi ya kushughulikia nauli na chakula. Kamera ilikuwa ya mmoja wao, amenunuliwa na mjomba wake. Na kama ilivyo desturi ya dunia, mwenye kitu ndiye akawa mwenye neno. Mpiga picha akawa mkubwa wa wote, ingawa karatasi ilimtaja mwongozaji.

Baada ya siku tatu za kuzunguka stendi, walimpata mama mmoja anayepika chai na maandazi, ambaye mwanawe alifariki katika moto ule. Hakuwa amepata kulizungumza jambo hilo mbele ya wageni. Aliwakubalia. Aliketi kwenye kigoda, wakambandika kipaza sauti kidogo kifuani, akasema kwa dakika 40 bila kukatizwa. Alisema juu ya mwanawe, juu ya asubuhi ile, juu ya jinsi alivyomtambua. Wanafunzi walilia. Waliporudi chuoni na kukaa kuitazama kazi yao, wakakuta picha safi kabisa, yenye mwanga mzuri wa jioni, na sauti ya dakika 4 tu. Betri ya kipaza sauti ilikuwa imekufa. Dakika 36 zilizosalia zilikuwa za midomo inayotembea bila neno.

Walirudi kwa yule mama, wakamwamkia, wakamweleza. Aliwaitikia vizuri, akawapa chai, kisha akasema, "Wanangu, maneno yale niliyatoa mara moja. Mengine sina."

Wanafunzi hawa walikuwa wamepokea amana ya mtu, na ilikuwa imewapotea mikononi.

Kilichofuata ni kile ambacho kila aliyefanya kazi katika ofisi yoyote anakijua. Mpiga picha alisema picha zake hazina kasoro, basi yeye hahusiki. Mnasa sauti alisema aliona taa ya kipaza sauti imezimika, akainua mkono, lakini mwongozaji alimfanyia ishara ya kumnyamazisha kwa kuwa jua lilikuwa linazama na mwanga mzuri ulikuwa unaondoka. Mwongozaji alisema hakujua maana ya mkono ule. Mhariri alisema yeye hakuwepo, kazi yake inaanza mezani. Kila mmoja alikuwa na ushahidi kwamba sehemu yake ilikwenda sawa. Na filamu ilikuwa imekufa. Kwa wiki mbili hawakusemezana.

Ni mara ngapi tumelisikia jambo hili, ndugu msomaji? Jalada limepotea: masijala wanasema walilitoa, katibu anasema halikumfikia, mkuu wa sehemu anasema yeye husaini kile kinacholetwa mezani. Mwananchi aliyetoka kijijini kwa nauli ya kukopa anaambiwa arudi wiki ijayo. Hakuna aliyekosea, na kazi haikufanyika. Tumejenga ustadi mkubwa wa kuthibitisha kwamba kosa liko chumba cha jirani.

MASWALI YA MKUFUNZI

Rafiki yangu mkufunzi hakuwagombeza. Aliwaita wote 8, akafunga mlango, akawaamuru waitazame picha ile yote, dakika zote 40, pamoja na zile zisizo na sauti, bila mtu kusema neno. Kisha akawapa karatasi na swali moja: Siku ile uliona nini ambacho hukukisema?

Majibu aliniruhusu kuyasoma. Msimamizi wa taa aliandika kwamba naye aliiona taa ya kipaza sauti ikizimika, lakini alidhani si kazi yake. Mwandishi wa mswada aliandika kwamba aliona mikono ya mama inatetemeka tangu swali la pili, akafikiri ingefaa wapumzike, akanyamaza. Na yule msichana wa nauli na chakula, ambaye kwao ni upande wa Matombo, milimani, aliandika kwamba kabla ya mahojiano alimsikia mama akimwambia jirani yake kwa Kiluguru kwamba amechoka, kwamba afadhali wangekuja kesho asubuhi. Aliyasikia na kuyaelewa. Hakuna aliyemwuliza, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa nauli.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo ninalotaka kulisema. Kundi lile halikukosa ujuzi. Kila ujuzi uliohitajika ulikuwemo: jicho lililoiona betri, jicho lililoiona mikono, sikio lililosikia lugha ya mama. Lilikosa njia ya ujuzi kutoka kwa mmoja kumfikia mwingine. Kazi iligawanywa, na mgawanyo huo ukageuka kuwa ukuta. Mtu akishapewa cheo, hata kama ni cheo kidogo cha kushika taa, hujifunza haraka sana mipaka ya cheo chake, na hujifunza kwa taabu wajibu wake kwa kazi nzima.

UJUZI NA WENYE NAO

Jambo hili lina historia katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, wakoloni waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, zikatembezwa kwa lori katika nchi za Afrika ya Mashariki na Kati. Waafrika walikuwemo: waliigiza, walisaidia kazi za ufundi, sauti zao zilitumika kueleza. Lakini uamuzi wa kisa gani kisimuliwe, na nani aonekane mwerevu na nani mjinga, haukuwa wao. Ule nao ulikuwa ushirikiano wa namna yake: wengi wanashika, mmoja anajua.

Baada ya Uhuru tuliona hatari ya kuwaachia wengine kamera. Kampuni ya Filamu ya Taifa iliundwa mwaka 1968, na mwaka 1974 ikaanzishwa taasisi ya picha na sauti kwa msaada wa Denmark, ili tuwe na mafundi wetu. Mwaka 1992 Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling alitoa filamu iitwayo These Hands, kuhusu wanawake wanaoponda kokoto katika machimbo ya Kunduchi. Hamna sauti ya msimulizi anayewaeleza wale kina mama. Unasikia nyundo, mawe, na mazungumzo yao wenyewe. Filamu ya namna hiyo haiwezi kutengenezwa na mtu anayewaona waliomo mbele ya kamera kama vifaa vyake.

Na upo mfano mwingine usiohitaji wataalamu wa filamu kabisa. Tangu mwaka 2011, wakulima wa Chambezi, wilayani Bagamoyo, walikuwa na mradi walioupa jina la Sauti ya Wakulima. Walikuwa na simu mbili tu za kupigia picha na kurekodi sauti. Simu hizo hazikupewa mwenyekiti wala kijana hodari wa mitambo. Zilizunguka kutoka mkono hadi mkono. Kila mmoja kwa zamu yake alipiga picha za shamba lake na za jirani, akahoji, akarekodi. Kisha wakakutana kuzitazama kwa pamoja na kujadiliana. Uhaba wa vifaa, ambao sisi huufanya udhuru, kwao ulikuwa sababu ya kila mtu kujifunza.

Rafiki yangu alifanya jambo linalofanana na hilo. Kwa wiki mbili aliwabadilisha kazi. Mwongozaji alishika kipaza sauti. Mpiga picha alikwenda kuomba ruhusa kwa watu na kubeba chakula. Msichana wa nauli alishika kamera, na mhariri, aliyezoea kulaumu picha za wenzake akiwa amekaa kivulini, alipelekwa juani kuzipiga yeye. Hawakutoka hapo wakiwa mabingwa wa kila kitu, la hasha. Lakini kila mmoja alijua mwenziwe anahangaika na nini, na alijua maana ya mkono unaoinuliwa.

KURUDI BILA KAMERA

Ndipo wakarudi Msamvu, mara hii bila kamera. Kwa asubuhi tano walifika saa kumi na moja alfajiri, wakachota maji, wakaosha vikombe, wakapokea fedha za chai. Aliyetangulia mbele alikuwa yule binti wa Matombo. Hakuna aliyetaja mahojiano. Siku ya tano, mama mwenyewe akawaambia waje kesho na vyombo vyao, ila wasimwulize habari za moto.

Walitii. Basi filamu yao haina simulizi ya moto kutoka kinywani mwake. Badala yake inamwonyesha alfajiri akiwasha jiko la mkaa. Kijana wa bodaboda anasimama karibu, na kwenye kiti chake cha nyuma amefunga dumu. Mama anainuka kabla hajawasha kiberiti, anamtazama kijana, anasema, "Mwanangu, sogeza hilo." Kijana anasogeza. Mama anangoja mpaka pikipiki imefika mbali, ndipo anapasha kiberiti. Tukio zima halifiki dakika moja. Sauti inasikika barabara, hata mlio wa kijiti juu ya kiberiti. Na aliyekuwa ameshika kipaza sauti ni yule yule mwongozaji aliyewahi kumnyamazisha mwenziwe. Palepale stendi, jioni ile ya maonyesho, sikuona mtu aliyetikisika wakati wa dakika hiyo.

Lilibaki shauri moja gumu. Mmoja wao alikuwa na picha za moto wenyewe, zilizopigwa kwa simu siku ile. Wawili walitaka ziingie: walisema ni ukweli, na ukweli haufichwi. Wengine walisita. Walibishana usiku kucha, na wakati huu walibishana kwa hoja, bila mtu kujificha nyuma ya cheo chake. Mhariri ndiye aliyelimaliza alipouliza: filamu hii tutaionyesha wapi kwanza? Jibu lilikuwa Msamvu, mbele ya mama. Picha zile hazikuingia.

ALAMA NI ZA NANI?

Ilipofika wakati wa kutoa alama, mkufunzi alikuta fomu yenye safu ya majina na safu ya alama, kila jina na alama yake. Hakuna safu ya kundi. Fomu hiyo inasema mengi kuhusu elimu yetu kuliko hotuba nyingi.

Mwaka 1967, katika andiko lake kuhusu Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mitihani yetu hupima uwezo wa mtu kukariri mambo na kuyatoa anapoulizwa, na haipimi tabia yake wala utayari wake wa kuwatumikia wengine. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 juhudi ilifanyika ili kazi na mwenendo wa mwanafunzi wa kila siku vihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, nao unatilia mkazo umahiri na mafunzo ya amali. Nia haijakosekana. Lakini mtoto wetu bado anajifunza, tangu darasa la kwanza, kuifunika karatasi yake kwa kiwiko ili jirani asione. Kisha siku anapoajiriwa tunamshangaa kwa nini anaufungia ujuzi wake mezani.

Walimu watasema, na wana haki ya kusema, kwamba kazi za makundi ni kichaka cha wavivu. Mimi nawaunga mkono, na ushahidi ninao, kwa maana nilikuwa mmoja wao. Nilipokuwa chuo kikuu tulipewa utafiti wa watu watano. Wawili walifanya kazi. Mimi nilichangia kalamu ya kuandikia jina langu kwenye ukurasa wa kwanza. Tulipata alama nzuri, wote sawa. Mmoja wa wale wawili hakuwahi kunilaumu. Alinisalimu tu kwa adabu kila tulipoonana mpaka tukamaliza masomo. Hadi leo sijui kufanya kazi ile ambayo cheti changu kinasema naijua. Kwa hiyo siwaambii walimu watoe alama moja kwa wote na kwenda zao. Hiyo ingekuwa kuhalalisha unyonyaji mdogo mdogo, ambao mtu huuzoea shuleni na kuukamilisha kazini, katika kamati ambayo wajumbe saba wanatia saini taarifa iliyoandikwa na karani mmoja usiku.

Wengine watasema kwamba kazi yoyote kubwa inahitaji mabingwa: rubani hapokezani usukani na mpishi. Ni kweli. Mwisho wa yote, hata wanafunzi wale walirudi kwenye nafasi zao, na mwenye jicho zuri akashika kamera. Sisemi bingwa aondolewe. Nasema bingwa ajue kazi ya mwenziwe kiasi cha kumsikiliza, na mwenye kazi ndogo awe na haki ya kuisimamisha kazi kubwa anapoona taa imezimika. Chombo chenye nahodha hodari huzama kama baharia anayeona maji yakiingia anangoja kuulizwa.

YANAYOWEZEKANA

Yafaa basi niseme yale ambayo shule au chuo chochote kinaweza kuyafanya bila kungoja waraka.

Kwanza, mwalimu agawe kazi mara mbili. Mara ya kwanza kwa kujifunza, ambapo kila mmoja anapita katika kila nafasi, hata kwa siku moja; mara ya pili kwa kutenda, ambapo kila mmoja anashika anachokiweza. Kugawa mara moja tu ni kumpa mwenye kujua nafasi ya kuzidi kujua, na asiyejua nafasi ya kubeba mizigo.

Pili, kila mwanafunzi awe na daftari la kazi, aandike kila jioni: leo nimefanya nini, nimejifunza nini kwa nani, nimeona nini ambacho sikukisema. Rafiki yangu alitoa nusu ya alama kwa filamu, sawa kwa wote, na nusu kwa daftari la kila mmoja. Mvivu alionekana, kwa sababu daftari la mtu asiyekuwepo haliwezi kuijua kazi. Mwenye bidii naye hakupotea ndani ya kundi.

Tatu, vifaa. Si kila shule itapata kamera, lakini simu moja ya mwalimu, ikitumiwa kwa zamu na kwa utaratibu, inatosha kuanzia, Chambezi wametuonyesha. Na pale vilipo vituo vya walimu, kinasa sauti kimoja na kipaza sauti kimoja vinaweza kuhudumia shule nyingi kwa kuazimana.

Nne, kazi ionyeshwe kwanza kwa wale inaowahusu, kabla ya mwalimu, kabla ya ofisa elimu, kabla ya mashindano. Hili ndilo lililo gumu kuliko yote, na ndilo linalofundisha kuliko yote. Mwanafunzi anayejua kwamba atakaa mkeka mmoja na mtu aliyempiga picha hufikiri mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe. Na laiti sisi watumishi tungekuwa na sharti hilo hilo, kwamba taarifa ya kijiji isomwe kwanza kijijini mbele ya wenyewe, sijui ni taarifa ngapi za milima ya Uluguru, za misitu yake na mito yake, zingebaki kama zilivyo kwenye majalada. Mwaka 1955 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta milimani kwa ushauri wa wataalamu ambao hawakuwasikiliza wenye mashamba. Watu wakakataa, ghasia zikazuka Matombo, na mpango mzima ukafa. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Wataalamu hawakukosea katika hilo. Walikosa watu.

JINA LA TISA

Nimalizie pale nilipoanzia, mbele ya lile shuka jeupe. Filamu ilipokwisha, yakaja majina ya watengenezaji. Kundi lilikuwa limekubaliana, baada ya ubishi wa siku mbili, kwamba majina yapangwe kwa alfabeti bila vyeo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameshika kila kazi. Yalikuwa majina 8. Watu wakapiga makofi. Mkufunzi akasimama kushukuru.

Yule mama, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele na kanga mabegani, akamvuta mkono binti wa Matombo na kumwuliza kitu kwa Kiluguru. Binti akainamisha kichwa. Mkufunzi akataka kujua kuna nini. Binti akasema, "Mama anauliza, mbona yeye hayumo?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua hesabu imekosewa wapi. Alikuwa ameamka nao alfajiri, amewalisha, amewafundisha mahali pa kusimama ili wasiungue na maji ya moto, amewakatalia lililofaa kukataliwa na kuwakubalia lililofaa kukubaliwa. Wanafunzi 8 ambao kwa miezi mitatu walijifunza kusikilizana wao kwa wao walikuwa wamemsahau aliyekuwa nao kila asubuhi.

Usiku ule hawakulala. Filamu iliyokabidhiwa chuoni asubuhi yake ina majina 9, kwa alfabeti, bila vyeo. Walimu watakaowapa wanafunzi wao kazi ya namna hii wakumbuke kuhesabu vizuri kabla ya kufunga daftari.